Maktaba shirikishi haionekani kwenye seva: uisakinishe, uielekeze, uifungashe au uiunge ndani ya programu?

Programu ya wavuti inafanya kazi bila shida kwenye kompyuta yako. Ukiipeleka kwenye seva, huduma inagoma kuwaka, na kwenye kumbukumbu za mfumo kuna mstari huu:

```
error while loading shared libraries: libpq.so.5: cannot open shared object file: No such file or directory
```

Anayetumia Python ataukuta kama `ImportError: libGL.so.1: cannot open shared object file`. Anayetumia Node ataukuta pale faili la `.node` linapokataa kupakiwa, au pale Chromium ya kutengenezea PDF inapolalamika kwamba `libnss3.so` haipo. Sura ni tofauti lakini mgonjwa ni yule yule: programu imejengwa ikitegemea faili la `.so` (maktaba shirikishi) lililopo nje yake, na kipakiaji cha Linux, yaani kile kinachoiunganisha programu na maktaba zake inapowaka, hakijalipata.

Dawa ziko nyingi, na zote zinaweza kuifanya programu iwake jioni hii. Kwa hiyo kuwaka si kipimo cha kuchagulia. Mimi huuliza jambo moja: likitoka tangazo la udhaifu wa usalama kwenye maktaba hiyo miezi sita ijayo, ni nani atakayeibadilisha, na kwa amri gani? Ukishalijibu hilo, njia nyingi zinajichuja zenyewe.

## Kabla ya kuchagua dawa, pima

Ujumbe wa "haipo" unabeba magonjwa yasiyofanana. Huenda faili kweli halipo. Huenda lipo, ila folda yake si miongoni mwa zile kipakiaji kinazopekua. Huenda lipo na limepatikana, lakini ni toleo lisilofaa. Hapo utaona maneno kama `version 'GLIBC_2.34' not found`. Huenda ni la aina nyingine ya prosesa. Na kuna ule wa kuchanganya kuliko yote: unaendesha faili unaloliona kwa macho yako kwenye folda, shell inakujibu `No such file or directory`. Kinachokosekana hapo si programu yako, ni kipakiaji chenyewe. Hutokea sana ukichukua programu iliyojengwa kwenye Debian au Ubuntu ukaiingiza kwenye Alpine (zote ni distro, yaani aina za Linux), kwa sababu ndani yake imeandikwa kwamba ipakiwe na `/lib64/ld-linux-x86-64.so.2`, na Alpine, inayotumia musl badala ya glibc (zote mbili ni maktaba za msingi za C), haina faili hilo.

Zana tatu zinatosha kwa kazi hii, ila hazilingani.

`ldd` ni ya haraka na ndiyo wengi huanza nayo. Kosa la kawaida ni kuielekeza mahali pasipo:

```
$ ldd /usr/bin/python3
```

Hapo kila kitu kitaonekana salama, maana anayeikosa libpq (maktaba ya kuunganishia hifadhidata ya PostgreSQL) si Python bali moduli iliyo ndani ya mazingira ya mradi. Elekeza kwenye moduli yenyewe:

```
$ ldd venv/lib/python3.11/site-packages/psycopg2/_psycopg*.so
    libpq.so.5 => not found
    libc.so.6 => /lib/x86_64-linux-gnu/libc.so.6
```

Endesha kama mtumiaji yule yule anayeendesha huduma, si kama root. Folda yenye maktaba ikiwa imefungwa kwa `www-data`, root ataiona na huduma haitaiona. Halafu `ldd` ina kasoro ambayo mwongozo wake wenyewe unaionya: katika mazingira fulani inaweza kuiendesha programu unayoichunguza. Faili usilolijua lilikotoka usiliguse kwa `ldd`.

`readelf -d` haiendeshi chochote, inasoma tu. Itakuonyesha mistari ya `NEEDED`, yaani maktaba zinazohitajika moja kwa moja, pamoja na `RPATH` au `RUNPATH`, yaani njia za kutafutia maktaba, kama zipo. Haiendi ngazi ya pili, kwa hiyo haitakuambia kwamba libpq nayo inataka libssl (maktaba ya usimbaji ya OpenSSL). Kwa faili la mtu mwingine, au kwa kujua njia zilizoandikwa ndani ya programu, hii ndiyo ya kutumia.

Ya tatu ni `LD_DEBUG=libs`, ukiitanguliza mbele ya amri yako. Inamwaga kila folda iliyopekuliwa na kila faili lililojaribiwa, moja baada ya jingine. Ina kelele, lakini ndiyo pekee kati ya hizi inayokamata maktaba zinazoitwa katikati ya kazi kwa `dlopen`. WeasyPrint (zana ya Python ya kutengenezea PDF), kwa mfano, huita maktaba ya maandishi ya Pango kwa njia hiyo, na Psycopg 3 isiyo na sehemu zilizokompailiwa huitafuta libpq vivyo hivyo kupitia ctypes. `ldd` inaweza kukuhakikishia kwamba mambo yako sawa, kisha programu ikaanguka ombi la kwanza la PDF likiingia. Angalizo: `LD_DEBUG` kwa namna hii ni ya glibc, kwenye musl usiitegemee.

## Kipakiaji kinapekua wapi

Mpangilio wa upekuzi ndio unaozitofautisha dawa, kwa hiyo tuuweke wazi. Kwenye glibc, jina la maktaba likiwa halina alama ya mkwaju, kipakiaji huanza na `RPATH` iliyo ndani ya faili, ila tu kama faili hilo halina `RUNPATH`. Kisha huangalia kigeu cha mazingira `LD_LIBRARY_PATH`. Kisha `RUNPATH`. Kisha kache ya `/etc/ld.so.cache`, ambayo hutengenezwa na `ldconfig`. Mwisho folda za asili, `/lib` na `/usr/lib` au ndugu zao za biti 64.

Folda unayotumia wewe haipekuliwi kwa sababu tu umesimama ndani yake. Wanaotoka Windows huhangaika sana hapa.

| Njia | Inafaa lini | Nani ataiweka viraka | Inapovunjikia |
|---|---|---|---|
| Kifurushi cha distro | Maktaba ipo kwenye hazina rasmi | Distro, kwa `apt` au `dnf` | Toleo unalolitaka halipo tena |
| `LD_LIBRARY_PATH` | Kujaribu na kuthibitisha | Wewe, kwa mkono | systemd, sudo, cron, programu zenye idhini maalumu |
| `ldconfig` | Maktaba yako mwenyewe, seva nzima ni yako | Wewe | Inaathiri kila programu ya seva hiyo |
| `RUNPATH` yenye `$ORIGIN` | Unasambaza programu pamoja na maktaba zake | Wewe, kwa kutoa toleo jipya | Utegemezi wa ngazi ya pili |
| Kuunga ndani moja kwa moja | Go, Rust, programu ndogo | Wewe, kwa kujenga upya | DNS, leseni, maktaba zinazohitaji `dlopen` |
| Kontena | Karibu kila programu ya wavuti ya leo | Wewe, kwa kujenga imeji upya | Imeji ya kujengea na ya kuendeshea zisipofanana |

## Kifurushi cha distro: anza hapa, ila soma jina vizuri

Kama maktaba ipo kwenye hazina ya distro yako, sakinisha kifurushi chake na umalize kazi. Viraka vya usalama vitakuja na `apt upgrade` ya kawaida bila wewe kukumbuka lolote, na huo ni uzito ambao njia nyingine zote zitakutwisha mwenyewe.

Tatizo ni kwamba jina la faili si jina la kifurushi. `libpq.so.5` kwenye Debian na Ubuntu imo ndani ya `libpq5`. Wengi husakinisha `libpq-dev`, na inafanya kazi kwa sababu hiyo huivuta `libpq5` pamoja nayo, lakini inaleta pia vichwa vya C ambavyo seva inayoendesha programu haina haja navyo. Vifurushi vya `-dev` ni vya kujengea. Kwenye seva ya kuendeshea weka kile kisicho na `-dev`, ambacho kwa kawaida jina lake huishia na namba ya toleo la maktaba.

Kulitafuta jina usibahatishe. Kwenye Debian, sakinisha `apt-file`, endesha `apt-file update`, kisha `apt-file search libpq.so.5`. Kwenye Fedora na familia ya Red Hat ni `dnf provides '*/libpq.so.5'`. Alpine imerahisisha zaidi: vifurushi vyake hutangaza maktaba vinavyozitoa, kwa hiyo `apk add so:libpq.so.5` inaeleweka moja kwa moja.

Mara nyingine dawa bora ni kuondoa hitaji lenyewe. Mfano mzuri ni `libGL.so.1`. Huombwa na `opencv-python`, ambayo imebeba sehemu za kufungua madirisha kwenye skrini. Seva haina skrini. Unaweza kusakinisha `libgl1` na rundo la maktaba za michoro zinazofuatana nayo, au ubadilishe mstari mmoja kwenye `requirements.txt` uweke `opencv-python-headless`, na kosa likatoweka bila kusakinisha chochote. Kati ya hizo mbili sioni hata ushindani. Angalia tu kama kifurushi kingine hakijaivuta ile ya kwanza kwa mlango wa nyuma.

Kifurushi kinashindwa pale programu inapotaka toleo ambalo distro imeshalizika. Ubuntu 22.04 ilikuja na OpenSSL 3.0, na programu zilizojengwa kwenye 20.04 zikaanza kulia `libssl.so.1.1`. Ushauri unaozunguka sana ni kupakua faili la `.deb` la toleo la zamani na kulisakinisha kwa nguvu. Itawaka. Lakini OpenSSL 1.1.1 iliachwa na waendelezaji wake Septemba 2023, na faili lililoingizwa kwa mkono namna hiyo halimo kwenye hesabu ya `apt upgrade` yako. Umeweka mlangoni kitasa ambacho hakuna fundi anayekihudumia. Jenga programu upya dhidi ya OpenSSL 3, au kama msimbo si wako, iweke ndani ya kontena la distro ambayo bado inahudumiwa na inabeba toleo hilo.

Ushauri mwingine ni mbaya zaidi: kutengeneza kiungo kwa `ln -s libssl.so.3 libssl.so.1.1`. Kipakiaji kitalipata faili, kitalifungua, kisha kitakuambia `version 'OPENSSL_1_1_0' not found`. Alama za ndani zina matoleo, na kubadilisha jina la nje hakuzigusi. Balaa ni pale maktaba isipokuwa na alama zenye matoleo: kiungo kitakubaliwa, programu itawaka, na siku moja itaanguka katikati ya ombi la mteja bila maelezo. Namba iliyo baada ya `.so` ikiwa tofauti, waandishi wa maktaba wanakuambia kwamba matoleo hayo mawili hayaingiliani. Waamini.

## LD_LIBRARY_PATH, ldconfig au RUNPATH

Hapa faili lipo, ila liko mahali pasipopekuliwa. Tuseme umejenga Python mwenyewe kwa `--enable-shared` na imeingia `/usr/local`. Ukiiita, inajibu kwamba `libpython3.11.so.1.0` haipo. Kwenye Debian dawa yake huwa ni `ldconfig` tu, kwa kuwa `/usr/local/lib` imeshaorodheshwa chini ya `/etc/ld.so.conf.d` na kilichobaki ni kuihuisha kache. Familia ya Red Hat haiiorodheshi folda hiyo kwa chaguo-msingi, na ndiyo maana maelekezo yale yale yanafaulu seva moja na kugoma nyingine.

LD_LIBRARY_PATH ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo ninayoiamini kidogo kuliko zote. Kwa kupima haina mshindani:

```
LD_LIBRARY_PATH=/opt/app/lib ./huduma
```

Ikiwaka, umethibitisha kwamba tatizo ni njia na si toleo. Matatizo huanza pale kipimo kinapogeuzwa kuwa tiba. Umeiandika kwenye `.bashrc`, ukaendesha programu kwa mkono, ikafanya kazi. Systemd, msimamizi wa huduma za Linux, haisomi `.bashrc`, kwa hiyo huduma inaanguka kama mwanzo. Ukiihamishia kwenye `Environment=` ndani ya faili la huduma, sawa, hapo inashika. Kisha mwenzako anaendesha kazi ya kuhamisha data kwa `sudo`, na sudo kwa kawaida huvua vigeu vya `LD_`. Kisha kuna cron. Kila mlango wa kuingilia kwenye programu unahitaji kukumbushwa.

Kuna mtego mmoja nisioona ukitajwa vya kutosha. Umetaka programu yako isikilize poti 80 bila kuwa root, ukaipa idhini kwa `setcap cap_net_bind_service=+ep`. Tangu hapo `LD_LIBRARY_PATH` haisikilizwi kabisa. Kerneli huiendesha programu ya aina hiyo katika hali ya usalama, na kipakiaji hupuuza kigeu hicho ili mtu asije akaingiza maktaba yake ndani ya programu yenye mamlaka. Kosa linaanza papo hapo baada ya badiliko ambalo kwa macho halihusiani na maktaba hata kidogo. Ukitumia systemd, `AmbientCapabilities=CAP_NET_BIND_SERVICE` inatoa idhini ile ile bila kuwasha hali hiyo, kwa hiyo kigeu kinaendelea kufanya kazi.

Tena, kigeu hiki hurithiwa. Programu yako ikiita `curl` au `git`, nazo zitapekua folda yako kwanza, na zinaweza kuokota libssl uliyoiweka humo kwa ajili ya kitu kingine.

ldconfig ni ya kudumu na haitegemei mazingira ya mtu. Unaandika folda kwenye faili jipya, tuseme `/etc/ld.so.conf.d/app.conf`, unaendesha `ldconfig` kama root, unahakikisha kwa `ldconfig -p | grep libfoo`. Inafanya kazi kwa systemd, sudo, cron na hata kwa programu zenye `setcap`. Bei yake ni kwamba umeitangazia seva nzima. Seva ikiwa ya programu moja, hilo halina neno. Ikiwa na programu tano za timu tofauti, folda yako yenye nakala ya zlib inaweza kubadilisha tabia ya programu ya jirani, na jirani hatajua aanze kutafuta wapi.

RUNPATH huandikwa ndani ya programu yenyewe. Wakati wa kujenga unaongeza `-Wl,-rpath,'$ORIGIN/../lib'`, au kama faili limeshajengwa:

```
patchelf --set-rpath '$ORIGIN/../lib' bin/huduma
```

`$ORIGIN` maana yake ni folda lilimo faili lenyewe, kwa hiyo unaweza kuhamisha mti mzima kutoka `/opt` kwenda `/srv` bila kuvunja kitu. Nukuu moja moja hapo ni za lazima. Ukiziacha, shell itadhani `$ORIGIN` ni kigeu chake, haitakipata, na utaandika njia inayoanza na mkwaju. Ikiwa baada ya yote maktaba bado haionekani, `readelf -d` itakuonyesha kilichoandikwa kweli.

Udhaifu wa RUNPATH ni wa ngazi ya pili. Inatumika kwa maktaba zinazoombwa moja kwa moja na faili lililoibeba, basi. Programu yako ikiomba `libA`, itapatikana. `libA` nayo ikiomba `libB` iliyo folda ile ile, haitapatikana, mpaka `libA` nayo iandikiwe RUNPATH yake. RPATH ya zamani haikuwa na kikwazo hicho. Ilishuka mpaka kwa wajukuu. `patchelf` ina `--force-rpath` kwa anayeitaka, ila kumbuka kwamba RPATH hutangulia `LD_LIBRARY_PATH`, kwa hiyo unampokonya msimamizi wa seva uwezo wa kukurekebisha kutoka nje. Kuziandikia RUNPATH maktaba zote zilizo kwenye kifungashio ni kazi ndogo, na ndiyo ninayopendekeza.

Nikichagua kati ya hizi tatu kwa huduma inayokaa: RUNPATH kwa maktaba ninazosambaza na programu, ldconfig kwa seva yenye kazi moja, na kigeu cha mazingira kwa dakika za uchunguzi.

## Kufungasha au kuunga ndani

Watumiaji wa Python hufungashiwa maktaba bila kujua. Vifurushi vya aina ya manylinux, vilivyoanzishwa na PEP 513 (pendekezo rasmi la jamii ya Python) mwaka 2016, hubeba nakala za maktaba zinazohitajika, zikiwa zimebadilishwa majina na kuandikiwa njia na zana iitwayo auditwheel. Ndiyo maana `pip install psycopg2-binary` haikuombi libpq, ilhali `psycopg2` hujengwa kutoka msimbo na huitaka.

Ipi uchague? `psycopg2-binary` ni nzuri kwa kuanza na kwa majaribio. Kwa uzalishaji, waandishi wake wenyewe wanapendekeza ile inayojengwa, na wana sababu: nakala ya libssl iliyo ndani iliwahi kugongana na libssl ya mfumo iliyopakiwa na moduli nyingine kwenye mchakato ule ule, programu zikaanguka. Zaidi ya hapo, `apt upgrade` haiifikii nakala hiyo. Kiraka cha OpenSSL kitakufikia pale tu watakapotoa toleo jipya na wewe ukapandisha namba. Timu ambayo ina utaratibu wa kupandisha vifurushi vyake kila mara inaweza kuishi na hilo. Timu inayogusa `requirements.txt` mara moja kwa mwaka, isakinishe `libpq5` na ijenge.

Kuunga ndani kabisa ni kwenda hatua moja mbele: hakuna faili la nje, hakuna cha kukosekana. Kwa Go, `CGO_ENABLED=0 go build` inatosha kwa programu nyingi za wavuti. Kwa Rust, lengo la `x86_64-unknown-linux-musl` hutoa faili moja unaloweza kulitupa kwenye Linux yoyote ya prosesa hiyo. Ukiwa na bahati ya kuandika kwa lugha hizo na bila utegemezi wa C, usisumbuke na mengine niliyoandika hapa.

Ila usijaribu kuiunga glibc yenyewe namna hiyo na kudhani umemaliza. Utafutaji wa majina ya mtandao kwa `getaddrinfo` bado huita maktaba za glibc wakati wa kazi, tena za toleo lile lile ulilojengea, na kiunganishi hutoa onyo ambalo watu hulipita. Musl haina shida hiyo, ila ina zake: kitafutaji chake cha DNS hakikujua kuuliza kwa TCP mpaka toleo la 1.2.4 la mwaka 2023, kwa hiyo majibu marefu ya DNS yalikatwa. Na kigawa kumbukumbu chake kinaweza kuipunguza kasi programu yenye nyuzi nyingi. Wanaoandika Rust hukiweka kando kwa kutumia kingine.

## Kontena: uchaguzi umehamia kwenye imeji

Kontena haliondoi swali, linalihamisha. Sasa wewe ndiye mwenye distro, na kosa linalojirudia zaidi ni la ujenzi wa hatua mbili. Hatua ya kwanza ina `libpq-dev` na kompaila, moduli inajengwa vizuri. Hatua ya pili inanakili mazingira ya Python kwenye imeji nyembamba, na hakuna aliyekumbuka `libpq5`. Ujenzi unapita, kontena linaanguka.

Kati ya Debian ya `slim` na Alpine, uzito hufanya watu waamue haraka: Alpine ni megabaiti chache tu, Debian slim ni makumi kadhaa. Kwa Go iliyoungwa ndani, Alpine ni sawa kabisa. Kwa Python au Node zenye moduli za C, ningekaa Debian. Vifurushi vya manylinux haviingii kwenye musl. Vinahitaji ndugu zao wa musllinux, waliokuja na PEP 656 mwaka 2021, na si kila mradi unavitoa. Visipokuwepo, pip inaanza kukompaili kila kitu, ujenzi unachukua muda mrefu, na uzito ulioukwepa unarudi kwa sura ya kompaila. `gcompat` ya Alpine huziba pengo kwa baadhi ya programu za glibc, lakini sitaiwekea huduma ya malipo.

Distroless, imeji isiyo na zana za kawaida za distro, ni nyembamba na salama zaidi, ila haina shell wala `ldd`. Ikivunjika, huna pa kuingilia. Ichague baada ya orodha yako ya maktaba kutulia, si kabla.

Vyovyote utakavyochagua, imeji ya kujengea isiwe mpya kuliko ya kuendeshea. Debian 11 ina glibc 2.31, Debian 12 ina 2.36. Ukijenga kwenye 12 na kuendesha kwenye 11, utakutana na `GLIBC_2.34 not found` hata kwa programu ya mistari mitatu, kwa sababu toleo la 2.34 lilibadilisha alama ya kuanzishia programu yenyewe. Kinyume chake hupita vizuri: kilichojengwa kwenye glibc ya zamani huendeshwa na mpya. Kupandisha glibc ya seva kwa mkono ili kukidhi programu moja ni njia ya uhakika ya kuiua seva nzima, maana hata `ls` inaitegemea.

Na hapa kuna mistari miwili inayokamata sehemu kubwa ya makosa haya kabla hayajatoka nje ya mashine ya ujenzi. Iweke kwenye hatua ya mwisho ya Dockerfile, ile ya kuendeshea, baada ya `USER` kubadilishwa:

```
RUN python -c "import psycopg2, cv2, weasyprint"
RUN ! find /app/venv -name '*.so*' -exec ldd {} + | grep 'not found'
```

Wa kwanza huzipakia moduli kweli, pamoja na zile zinazoita maktaba kwa `dlopen` wakati wa kuingizwa. Wa pili huupindua ujenzi ikipatikana hata maktaba moja isiyoonekana. Jina la faili linaloilalamikia halitaonekana kwa sababu ya `grep`, kwa hiyo likitokea, endesha `find` hiyo bila kichujio. Ukiiweka kwenye hatua ya kwanza, ile yenye `libpq-dev`, itapita kila siku na haitakuambia lolote.